UZI: Husuni Kubwa haiangushwi na bahari, inaangushwa na mvua. Nipingeni

#1 Mwiko wa Chokaa
Salaam wadau wa kusini. Kilwa Kisiwani ikitajwa siku hizi wimbo ni ule ule: bahari inapanda, magofu yanaliwa. Kwa Gereza, ile ngome ya ufukweni, sibishi, lile maji yako miguuni. Lakini Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani, imekaa juu ya mwamba, wimbi haligusi ukuta hata mmoja kule juu. Kinachoiangusha kinatoka mbinguni.

Hesabu yake hii hapa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua ua usio na paa wa mita 10 kwa 10, ipige mvua ya masika ya milimita 50 usiku mmoja: lita 5,000, tani tano. Jumba lina vyumba zaidi ya 100, sasa jumlisheni wenyewe. Enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, maji hayo yalidondokea paa la chokaa na kuondoka kwa mifereji. Leo paa hakuna, sakafu imepasuka, mifereji imejaa udongo. Yanazama, yanafuata nyufa za mwamba na kutokea usoni upande wa bahari, kila safari yakibeba udongo kidogo. Siku bonge linaporomoka, watu wanakuta mawe yamelala ufukweni, wanasema bahari imekula.

Dalili za mvua: ufa mrefu unaokwenda sambamba na ukingo, mita moja hadi tatu kwa ndani, mizizi iliyojaza ufa huo, na uso wa mwamba unaochuruzika maji matamu siku mbili baada ya mvua kukatika. Onjeni. Yakiwa hayana chumvi, mshtakiwa si bahari.

#2 Bamvua Kuu
Umeonja juu, umesahau kuinama. Nenda chini ya mwamba ule maji yakiwa yamekupwa, utazame usawa wa maji yanapojaa. Kuna uvungu umechimbika kwenda ndani. Mvua haichimbi uvungu ulionyooka kwa usawa mmoja mita kadhaa. Huo ni wimbi, chumvi, na wale wadudu wa mwambani (konokono, na urchini wale wa miiba) wanaokwangua chokaa ya jiwe kutafuta mwani.

Uvungu ukiingia ndani, mwamba wa juu unabaki unaning'inia kama baraza lisilo na nguzo. Uzito wake ndio unaofungua huo ufa wako sambamba na ukingo. Mvua inakuta kazi imeshafanywa, inamalizia tu.

#3 Mtu wa Masoko
Kwa hiyo mmoja kashika miguu mwingine kasukuma, na marehemu ni yule yule 😂

Halafu jamani mnahangaika na Husuni wakati Gereza, ngome ya Wareno ya 1505, nusu iko majini. Na ndio maana mpaka leo Kilwa iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini ya UNESCO.

#4 Kigae
#3, makosa mawili katika mistari miwili.

Wareno walijenga ngome 1505 na kuiacha 1512. Gereza linaloonekana leo ni la Waomani, mwanzoni mwa karne ya 19, limekalia mabaki ya ile ya kwanza. Hili lina maana kwenye mada yetu: chini ya ukuta unaoliwa kuna ukuta mwingine wa zamani zaidi, kwa hiyo kila sentimita ya ardhi inayoondoka inaondoka na kurasa mbili.

Orodha: Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu, ziliingia Urithi wa Dunia 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, zikatolewa 2014. Kutolewa hakumaanishi maji yamerudi nyuma. Kunamaanisha kazi ya kuzuia ilionekana.

#5 Mtu wa Masoko
Nimepokea kofi. Asante.

#6 Binti Mikindani
Tuweke namba za bahari mezani, maana #1 kazipita kimya kimya. Wastani wa dunia: maji yamepanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Kasi ya 2006 hadi 2018 ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Ifikapo 2100, kwa hali ya uchafuzi mkubwa wa hewa, makadirio ni sentimita 63 hadi 101 juu ya kiwango cha miaka ya 1995 hadi 2014.

Mtu atasema sentimita 20 ni nini pwani ambayo bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) inapanda na kushuka mita tatu na zaidi. Jibu liko kwenye idadi ya siku. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, na zile ndefu zaidi huangukia karibu na Machi na Septemba. Kama mguu wa ukuta ulikuwa sentimita 10 juu ya maji ya kawaida ya bamvua, zamani uliloa mara chache kwa mwaka. Ongeza sentimita 20, sasa unaloa karibu kila bamvua. Ukuta wa chokaa hauumizwi na urefu wa maji. Unaumizwa na kuloa na kukauka, kuloa na kukauka, kila safari chumvi ikibaki ndani.

#7 Mdadisi 18.6
Hoja ya #6 ni nzuri ila ina tundu. Kupwa na kujaa kwetu kunatawaliwa na mwezi mara mbili kwa siku, na nguvu hiyo ina mzunguko wake wa miaka 18.6. Inaongezeka na kupungua kwa takriban asilimia 3.7. Kilele chake kwa pwani za aina yetu kilikuwa karibu 2015, kijacho ni karibu 2034. Sehemu ambayo wimbi hilo la mwezi lina kimo cha mita 1.2 kutoka usawa wa kati, hiyo ni sentimita nne na kitu juu au chini. Miaka kumi ya kupanda kwa bahari kwa kasi ya sasa inatoa karibu kiasi hicho hicho.

Kwa hiyo aliyeanza kuangalia 2006 akaishia 2015 ataona balaa mara mbili. Aliyeanza 2015 akaishia leo anaweza kusema bahari imetulia. Wote wamepima vizuri, na wote wamekosea.

Na kuna miaka Bahari ya Hindi inajaa upande wetu na kupungua upande wa Indonesia, kama 1997 na 2019. Hapo maji hupanda kwa miezi kisha hurudi.

#8 Mtu wa Masoko
Sasa tumemuingiza na mwezi kwenye kesi. Bado jua.

#9 Nahodha wa Sudi
Jua halimo, upepo ndio umo, na hakuna aliyeutaja.

Kusi ikivuma, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, mchanga wa pwani yetu unasukumwa kwenda kaskazini. Kaskazi ikiingia, Desemba hadi Machi, unarudishwa kusini. Ufukwe ule ule unaweza kupungua kimo nusu mita msimu mmoja na kujaa tena msimu mwingine. Nusu ya picha za "kabla na baada" zinazozunguka mitandaoni moja ni ya Agosti, nyingine ya Februari. Hapo hujalinganisha miaka, umelinganisha pepo.

Pili, mtazame Gereza limekaa wapi. Liko upande wa bandari, linatazamana na mji wa Kilwa Masoko ng'ambo. Kusi haliwezi kulipiga moja kwa moja, kisiwa chenyewe kimelikinga. Linalolifikia ni kaskazi linaloingia kwa mlango wa bandari. Husuni iko karibu zaidi na mlango huo. Kwa hiyo anayesema "mawimbi ya bahari kuu yanapiga Gereza" aangalie ramani kwanza. Pale kazi kubwa inafanywa na mkondo wa maji kujaa na kupwa ukipita kasi pembeni mwa ufukwe, pamoja na viwimbi vidogo vya muda mrefu.

#10 Bamvua Kuu
Nahodha, hapo kwa mkondo nakubali. Ila kiwimbi kidogo kikipata kusimama juu ya maji marefu zaidi, kinafika pale ambapo jana hakikufika. Tunarudi kwa #6.

#11 Mlilana
Na mbele ya ufukwe kulikuwa na nini? Msitu wa mikoko wenye upana wa mita 100 unapunguza kimo cha wimbi kati ya asilimia 13 na 66, kutegemea aina, msongamano na kina. Kata boriti, choma mkaa, choma chokaa, halafu ulaumu barafu za Greenland. Ongeza matumbawe yaliyovunjwa na baruti, yakafuatiwa na joto la 1998 lililoyapausha. Mwamba wa nje ukivunjika, wimbi linaingia na nguvu zake zote.

Songo Mnara imezungukwa na mikoko mpaka leo, mgeni anashuka mashua na kukanyaga tope kati ya mizizi. Linganisheni hali ya ufukwe wake na wa Gereza, kisha mniambie.

#12 Fundi Gabioni
Watu wakisikia hivyo kesho wanabeba mbegu za mkoko kwenda kuzichomeka mbele ya Gereza.

#13 Mlilana
Na zitakufa zote. Tuseme kabisa, maana kosa hili linarudiwa kila siku ya upandaji miti.

Mkoko (ule wenye mizizi iliyosimama kama miguu) unataka tope na maji tulivu. Mbegu yake ndefu unaichomeka theluthi moja ardhini, nafasi mita moja kila upande, na unachagua ile iliyokomaa, yenye pete ya njano shingoni. Kwenye mchanga unaotembea, bamvua ya kwanza inaing'oa, na iliyobaki inavamiwa na vijikombe vya mwambani mpaka inalala kwa uzito. Mstari wa mbele baharini kwa asili ni wa mlilana, nyuma yake ndio mkoko, kisha msinzi na mkandaa, na mchu unavumilia mchanga na chumvi nyingi pembezoni. Mbegu ya mlilana ni punje, haichomekwi. Unaiotesha kwenye viriba kwanza.

Kanuni ya kuamua: tafuta kama kuna hata mche mmoja ulioota wenyewe. Kama hakuna na mbegu zinapita pale kila mwaka, pana sababu. Iondoe hiyo sababu kwanza, kwa mfano kwa kupunguza wimbi na safu ya mawe madogo nje.

#14 Kigae
Na msipande mkoko *ndani* ya eneo lenye mabaki chini ya tope. Mizizi yake inachambua tabaka zote.

#15 Fundi Gabioni
Tukija kwa kuta za kuzuia. Gabioni (makapu ya waya yaliyojazwa mawe) zinaweza kufanya kazi, ila nimeona zikilaumiwa na kusifiwa na watu wasiojua kinachoziangusha. Mambo manne.

Waya. Waya wa mabati mtupu kwenye maji ya chumvi hauna maisha marefu. Unatakiwa uliovikwa plastiki, na ukikwaruzwa wakati wa kupanga mawe umeshaharibika. Kazi ya kupakia kwa sururu na haraka inamaliza kapu kabla halijaona bahari.

Jiwe. Tundu la waya likiwa milimita 80 kwa 100, jiwe liwe milimita 100 hadi 200, gumu, na lipangwe kwa mkono usoni. Wengine wanajaza vipande vya tumbawe jepesi kwa sababu liko karibu. Linasagika ndani ya kapu, kapu linalegea, linakuwa gunia. Na naomba Mungu asiwepo anayejaza vifusi vya gofu.

Chujio. Nyuma na chini ya kapu pawe na kitambaa maalumu cha chujio. Bila hicho, maji yakijaa yanaingia, yakipwa yanatoka na mchanga. Mbele ukuta umesimama vizuri kama bwana harusi, nyuma pana pango. Ukiona ardhi inadidimia nusu mita nyuma ya gabioni, ndiyo hiyo.

Ncha. Hapa ndipo penye ugomvi wa kweli. Wimbi likikutana na ukuta mgumu linahamia mwisho wa ukuta na kuchimba pale. Ncha zote mbili zirudishwe ndani ya nchi kavu, zisikatwe ghafla. Ukuta wa mita 60 unaolinda ngome unaweza kuhamishia ulaji kwenye makaburi yaliyo jirani. Eneo la Gereza, msikiti wa Malindi na makaburi yake yako karibu karibu, kwa hiyo huwezi kulinda kimoja ukafunga macho.

#16 Mwiko wa Chokaa
Fundi umesema kweli tupu kwenye ncha. Sasa unakubali kuwa sehemu ya ulaji wa leo inaweza kuwa imeletwa na tiba ya jana?

#17 Fundi Gabioni
Nakubali kuwa inaweza. Sikubali kuwa ndiyo.

#18 Kigae
Na kabla ya mtaro wa msingi wa gabioni (mita moja kwenda chini, si chini ya hapo, la sivyo maji yanachimba mguu) lazima mchimbaji wa mambo ya kale atangulie. Mtaro wa mita 60 kwa mbili kwa moja ni mita za ujazo 120 za tabaka. Bahari ingechukua miaka kuondoa hizo, mtambo unaziondoa siku mbili.

Utaratibu wa uokoaji kwenye ukingo unaokatika, kwa wanaouliza: usichimbe, safisha uso wake kwa mwiko kutoka juu kwenda chini, mpaka tabaka zionekane. Piga picha zenye kipimo na mshale wa kaskazini. Chora kwa skeli ya 1:10 au 1:20. Kisha chukua udongo kwa kila tabaka, ndoo mbili tatu zenye namba, uchekeche kwa wavu wa milimita 3 hadi 5. Shanga za kioo zinapita kwenye wavu wa 5, kwa hiyo anayetumia wavu mmoja tu anaandika historia isiyo na shanga. Sampuli ya mbegu zilizoungua inaelea kwenye maji, usiioshe kwa pampu.

#19 Asiyeziba
Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

#20 Mwiko wa Chokaa
Ufa wa Husuni ukiuziba kwa saruji utajenga ukuta kweli, tena mara mbili.

Niseme hili kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloumiza. Jiwe la matumbawe linapumua. Maji ya chumvi yanapanda ndani yake kama mafuta kwenye utambi, mita moja na zaidi, yanatafuta pa kutokea. Kiungo cha chokaa ni dhaifu kuliko jiwe, maji yanatokea pale, chumvi inakauka pale, kiungo kinamomonyoka, unakibadilisha. Weka saruji: kiungo kigumu, hakipitishi. Sasa maji yanatokea kwenye jiwe, chumvi inaota ndani ya vitundu vyake, uso unapukutika kama unga. Miaka michache baadaye saruji imesimama kama mistari ya daftari na jiwe katikati limeingia ndani. Nenda popote penye kiraka cha saruji uone.

Mchanganyiko: chokaa iliyozimwa na kulowekwa wiki kadhaa, ikiwezekana miezi, kipimo 1 kwa mchanga 3. Mchanga uwe wa shamba au mto. Wa ufukweni una chumvi, na ukilazimika uoshe mara tatu kwa maji matamu. Kwa sehemu inayoguswa na maji kujaa, chokaa tupu haigandi, kwa hiyo ongeza unga wa tofali la kuchoma, kama nusu ya kipimo cha chokaa. Kazi ifunikwe magunia yaliyolowa wiki nzima, kivuli cha makuti juu. Ikikauka kwa jua la saa nane mchana umepaka unga, hukupaka chokaa.

Juu ya ukuta weka kofia ya mteremko, sentimita mbili kwa kila mita, maji yasituame. Na mtini uliomea ukutani usiung'oe. Kata shina, ua kisiki, acha mzizi ukauke, kisha jaza pengo kwa uji wa chokaa. Ukivuta mzizi umevuta ukuta.

#21 Mlilana
Swali la kichokozi: chokaa hiyo unaichoma kutokana na jiwe gani, na kwa kuni gani?

#22 Mwiko wa Chokaa
Nimelisubiri. Kwa desturi tanuri ni magogo yaliyopangwa duara, matumbawe juu, moto usiku kucha. Magogo ya mikoko yalipendwa kwa joto lake. Yaani ndiyo, tunaponya ukuta kwa kuchoma ngao zake mbili. Dawa ni jiwe la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu, na kuni za shamba. Tumbawe hai halihitajiki kwa chokaa. Wazee walilikata likiwa bichi kutoka baharini kwa kuchonga mihrabu na urembo kwa sababu ni laini, hiyo ni kazi nyingine.

#23 Mtu wa Masoko
Kwa ufupi: bahari, mvua, mwezi, upepo, mkaa, baruti, gabioni na saruji. Nani kabaki? Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi?

#24 Kigae
Yeye yuko Berlin, ana kinga 😂

#25 Mtu wa Masoko
Na sarafu zetu za shaba ziliokotwa visiwa vya Wessel, Australia, 1944. Pesa ya Kilwa imevuka bahari nzima salama, ukuta wa Kilwa unashindwa na maji ya bandarini.

#26 Msomi wa Lindi
Kuna kanuni ya Bruun ya 1962: kila sentimita ya bahari kupanda, ufukwe unarudi nyuma sentimita 50 hadi 100. Kwa milimita 4 kwa mwaka ni sentimita 20 hadi 40 kila mwaka. Miaka 50, mita 10 hadi 20. Hapo hakuna Gereza tena. Na ndivyo ilivyotokea Kisimani huko Kilwa, mji ulioliwa na bahari.

#27 Binti Mikindani
Kisimani unayosema iko Mafia, Ras Kisimani, mkoa wa Pwani. Ni kweli bahari imekula sehemu kubwa ya mji ule, na ndiyo mfano unaotisha kuliko yote jirani na sisi. Lakini ile ni rasi ya mchanga. Ukitoa mfano wa Mafia kwa Husuni iliyo juu ya mwamba umechanganya mguu wa meza na mguu wa mtu.

Bruun nayo ni ya fukwe za mchanga zilizonyooka, zenye mchanga wa kutosha, bila mwamba chini. Kilwa kuna vipande vya mchanga, vipande vya jabali, na tope. Kanuni ukiilazimisha inakupa jibu lenye desimali na halina maana.

#28 Mdadisi 18.6
Naunga mkono #27. Niongeze kuwa hata kipimo cha karibu zaidi chenye rekodi ndefu, cha Zanzibar kilichoanza 1984, miaka yake ya mwanzo mwanzo haikuonyesha maji yakipanda. Kupanda kumeonekana baadaye. Kwa hiyo aliyeshuhudia Gereza likiliwa miaka ya 1990 ana haki ya kuuliza: bahari gani iliyokuwa inapanda wakati huo?

#29 Bamvua Kuu
Na ana haki ya kujibiwa: ufukwe una kumbukumbu. Mikoko ikiondoka leo, ukingo unaweza kukatika miaka ishirini baadaye.

#30 Nahodha wa Sudi
Na vimbunga je? Kile cha Aprili 15, 1952 kilipiga Lindi. Kenneth 2019 aliingia Cabo Delgado, jirani yetu wa kusini. Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024, alifika Mafia na mvua yake ikakata barabara ya Somanga. Usiku mmoja wa tufani ukikutana na bamvua unafanya kazi ya miaka kumi, kisha wastani wenu wa milimita unakuja kudai sifa.

#31 Mwiko wa Chokaa
Ona, Hidaya alikata barabara kwa *mvua*. Nawapigia kura ya ndiyo.

#32 Tepu ya Mita 30
Jamani mmebishana posti 31 na hakuna aliyepima kitu. Njia isiyohitaji mfadhili hii hapa.

Weka vigingi viwili vya zege nchi kavu, umbali wa mita 10, vikiwa mstari mmoja na kona ya ukuta. Usitoboe wala kupaka rangi gofu. Kutoka kigingi cha mbele, vuta tepu mpaka kwenye midomo ya ukingo uliokatika. Andika tarehe, saa, hali ya maji. Rudia baada ya kila bamvua, na baada ya kila mvua kubwa. Hapo ndipo mtajua #1 ana haki ama hana: ukingo ukirudi nyuma baada ya mvua bila bamvua, ni yeye. Ukirudi baada ya bamvua katika kiangazi, ni #2. Ramani ya simu msiitumie. Inakosea mita tatu hadi tano na sisi tunatafuta sentimita 30. Ratiba ya maji ichukueni kwa Mamlaka ya Bandari.

Kimo cha ufukwe: fimbo mbili za sentimita 150, zimechorwa kila sentimita mbili, kamba ya mita moja na nusu kati yake. Unasimama na fimbo ya juu, unalinganisha ncha ya fimbo ya chini na upeo wa bahari, unasoma mstari unakata wapi kwenye fimbo yako, ukihesabu kutoka ncha yake ya juu. Hiyo ndiyo tofauti ya kimo. Endelea hatua kwa hatua mpaka majini.

#33 Nahodha wa Sudi
Upeo gani? Ukisimama Gerezani mbele yako ni Masoko. Macho yatagota kwenye minazi.

#34 Tepu ya Mita 30
Dah. Kweli. Husuni upande wa mlango wa bandari unaweza kupata upeo, Gerezani hapana. Basi Gerezani tumia mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule mweupe unaoonyesha ndani, mita 10. Ncha moja kwenye kigingi, nyingine kwenye fimbo, subiri maji yatulie, soma. Toa mapovu yote kwanza. Povu moja linakudanganya sentimita mbili tatu.

#35 Mgeni wa Jukwaa
Samahani kwa kuingilia. Kipande cha bakuli la kijani kikitokeza kwenye ukingo, bado kidogo kidondoke majini, kuchukua ni kosa au ni kuokoa?

#36 Kigae
Usichomoe. Kikiwa ndani ya tabaka kinaeleza tarehe ya udongo uliokizunguka, kikiwa mfukoni kinaeleza kuwa ni cha kijani. Piga picha mbili, moja ya karibu yenye sarafu au kalamu pembeni kama kipimo, moja ya mbali inayoonyesha kona ya ukuta. Pima kutoka juu ya ukingo. Peleka taarifa kwa wasimamizi, kwa Kisiwani na Songo Mnara ni TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), mahali pengine ofisi ya utamaduni ya wilaya iwafikishie Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 hata kama hakuna kibao. Ndiyo maana Boma la Mikindani la 1895 haliingii kwa tarehe hiyo peke yake, lazima litangazwe.

Kikiwa kimeshadondoka na kinasagwa na wimbi, okota, funga kwenye karatasi, andika mahali, peleka. Kisioshwe kwa siki.

#37 Binti Mikindani
Siki? Kuna anayeosha kwa siki?

#38 Mtu wa Masoko
Wapo. Wanaweka na ndimu.

#39 Mwiko wa Chokaa
Turudi. Utafiti uliotoka 2022 uliangalia maeneo 284 ya urithi wa pwani ya Afrika na kusema 56 yako hatarini tayari kwa mafuriko ya bahari ya aina ya mara moja kwa miaka 100. Kufikia 2050 yanafika karibu 200. Sipingi. Ninachouliza ni kama mafuriko ya bahari ni kipimo sahihi kwa jumba lililo juu ya mwamba na halina mfereji.

#40 Bamvua Kuu
Na mimi nauliza kama mfereji utasaidia jumba ambalo mwamba wake umekatwa chini. Toa maji, sawa, mita tano mbali na ukingo na zaidi. Uvungu utabaki.

#41 Tepu ya Mita 30
Vigingi vinne vinatosha kuanzia: viwili Husuni, viwili Gerezani. Saruji mfuko nusu, na kibali cha wasimamizi kabla ya kuchimba hata kishimo cha kigingi. Nani ana mpira wa maji wa mita 10 usiovuja?

#42 Fundi Gabioni
Ninao. Unavuja kidogo pale kwenye kiungo, ila mpira wa baiskeli unaufunga.